Ulizeni Picha Asilia Ziko Wapi

JICHO LA MTAA
Na Mwanaidi Shomari

Harusi za mjini siku hizi hupigwa picha mamia kwa mamia, na wenye shughuli hulipa fedha nzito bila kuuliza swali moja: zikishahaririwa, picha zenyewe zinakaa wapi? Mara nyingi hazikai popote. Mpiga picha anafuta memori kadi aiwahi sendofu ya Ijumaa. Bibi harusi anatumiwa za kwake kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida huzibana ili zisafiri haraka, naye anaridhika kwamba kumbukumbu imetunzwa.

Sina ugomvi na kuhariri. Anayetaka chunusi ziondoke, ziondoke. Ugomvi wangu ni kuichukua picha ileile iliyotoka kwenye kamera, kuipaka, kisha kubofya hifadhi juu yake. Wengi hawajui kinachotokea hapo. JPEG, mfumo uliopitishwa mwaka 1992, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa yale ambayo jicho halitayakosa upesi, na kila ukiigusa picha na kuihifadhi upya, hutupa tena. Rudia mara kadhaa, kisha kuza pale mtandio unapokutana na anga: utaona vijisanduku vya nukta nane kwa nane, na ukungu mchafu kandokando ya uzi wa dhahabu. Kilichotupwa hakirudi, hata umpe fundi wa namna gani.

Waundaji wa programu waliliona hili zamani. Lightroom, iliyotoka 2007, haiigusi picha asilia. Huandika maagizo tu kwenye katalogi yake: hapa ongeza mwanga, pale kata. Ni utaratibu mzuri, ila una mtego wake. Mtu akinunua kompyuta mpya hubeba folda za picha na kuisahau katalogi, na kazi ya miezi inabaki kwenye mashine aliyokwisha kuiuza. GIMP, ya bure, tangu toleo la mwaka 2012 ukibofya hifadhi inakupa faili la XCF lenye tabaka zote. JPEG utaitoa kwa amri nyingine. Watumiaji walilalamika sana. Mimi naona walitendewa haki.

Nani atahangaika na hayo yote? Tuwatazame waliohangaika. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwaka 1930. Mwanawe Rohit akairithi pamoja na negativu zake. Ndiyo maana picha za Unguja ya enzi hizo zimeweza kusafishwa upya kwa wajukuu wa waliopigwa. Karatasi ilipochanika, chanzo kilikuwapo.

Arusi zetu za leo chanzo chake kimefutwa, na kilichobaki ni uso uliong'arishwa hadi shangazi zake hawamtambui. Mtindo huo utapita, kama ulivyopita ule wa kuweka maporomoko ya maji nyuma ya maharusi. Mwenye faili asilia atahariri upya. Asiye nalo atabaki na sura ya kuazima.

Kwa hiyo liandikwe kwenye mkataba: picha asilia zikabidhiwe, kwenye folda zenye tarehe na jina la shughuli, na zilizohaririwa zikae folda ya peke yake. Mpiga picha atasema diski ni ghali. Basi aiweke kwenye bei. Kamati iliyochangisha fedha za keki ya ghorofa tano haitashindwa na diski. Na mkishakabidhiwa, nakilini seti ya pili mkaiweke kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, maana mwizi wa laptopu huondoka na flashi iliyochomekwa humo humo.