Kobalti: je, hesabu inaweza kufanyika bila kufunguliana vitabu?

KOLWEZI – Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, kobalti ya Kongo inatoka nje kwa kipimo. Kwa mwaka 2026 ni tani 96,600, na mamlaka ya ARECOMS inagawia kampuni mafungu ikiangalia kiasi walichouza zamani. Yaani kila fungu linategemea takwimu, na huku Lualaba takwimu ndizo zinazoleta ugomvi.

Tunakumbuka Tenke Fungurume. Mwaka 2022 Gécamines, yenye asilimia 20 ya mgodi ule, iliishutumu CMOC ya China kuficha ukubwa wa akiba ya madini ili ilipe kidogo. Usafirishaji ulisimama kwa miezi mingi, mpaka mapatano ya mwezi wa nne 2023: dola milioni 800 kwa Gécamines.

Kampuni haitaki mshindani aone vitabu vyake, na serikali haiamini inachoambiwa. Wataalamu wa hesabu za siri wana njia, iliyoanza mwaka 1982 na swali la Andrew Yao: matajiri wawili watajuaje nani anamzidi mwenzake bila kutajiana mali? Tuchukue kampuni yenye tani 100. Inavunja namba hiyo ovyo: 250, kutoa 190, na 40. Kila kipande kinaenda kwenye kompyuta tofauti: ya kampuni, ya serikali, ya mtu wa tatu. Kipande kimoja hakisemi kitu. Kila kompyuta inajumlisha vipande vya kampuni zote, kisha majibu matatu yanaunganishwa. Jumla ya kweli inatoka, namba ya kila mmoja inabaki siri, ili mradi wale watatu wasile njama.

Si ndoto. Januari 2008 wakulima wapatao 1,200 wa Denmark waliuziana hivyo haki za kupeleka viazisukari kwenye kiwanda cha Danisco, bila kiwanda kujua bei ya kila mkulima. Hesabu ilichukua kama nusu saa.

Lakini kampuni ikiingiza 60 badala ya 100, kompyuta zitajumlisha uongo huo bila kukosea hata kilo. Kesi ya Tenke isingezuilika hivyo. Na kwenye depo za Musompo, mchimbaji wa mikono anabishana na mnunuzi juu ya Metorex, kile kifaa cha kupima madini ndani ya jiwe. Kwake, kifaa cha pili mikononi mwa koperative kingefaa kuliko kompyuta tatu.