Kompresa ya Skroli: Konokono Wawili Ndani ya Kopo la Chuma

Toleo hili safu yetu ya Kitu na Jina Lake inatoka nje ya nyumba na kusimama pembeni mwa ukuta, pale penye sanduku la chuma linalonguruma mchana na usiku kuanzia Mei hadi Septemba. Kwetu sisi wa Lewisville, kwa majirani zetu wa Dallas na Fort Worth, na kwa wenzetu wa Houston, sanduku hilo si pambo. Tarehe 26 na 27 Juni 1980 joto la uwanja wa ndege wa DFW lilifika nyuzi 113 za Farenihaiti, yaani 45 za Selsiasi. Mwaka 2011 eneo hili lilipitia siku 40 mfululizo za nyuzi 100 au zaidi, na siku 71 za namna hiyo kwa mwaka mzima. Kimbunga Beryl kilipoipiga Houston tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, na kwa wazee wengi hatari haikuwa upepo tena bali joto lililofuata.

Tumechagua kompresa kwa sababu moja. Katika nyumba zetu nyingi, fundi akija, sisi watoto ndio wakalimani. Fundi anazungumza Kiingereza cha ufundi, bibi au baba anauliza kwa Kiswahili, na katikati tumesimama sisi tukitakiwa kueleza kwa nini kitu kisichoonekana kinadai maelfu ya dola. "Kompresa imekufa" ni sentensi nyepesi kuitafsiri. Kazi inaanza mzee anapouliza: "Imekufaje? Na wewe umejuaje?"

Majina kwanza

Wenye wazazi kutoka Tanzania wanasema kiyoyozi. Wa Kenya wengi wanasema esi tu. Wa Kongo wanaleta klimatizeri, waliyoirithi kutoka Kifaransa. Hatugombani, hapa tutatumia kiyoyozi. Kompresa tunaiacha kompresa, kwa kuwa ndivyo mafundi wanavyosema kuanzia Kariakoo hadi Mombasa. Kitu kinachozunguka mabombani tutakiita gesi kama wanavyokiita wao, ingawa nusu ya safari yake huwa ni kimiminika.

Jambo la kwanza la kumwambia mzee ni kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto. Kinalibeba kutoka sebuleni na kwenda kulitua nje, kama mtu anayechota maji ndani ya mtumbwi na kuyamwaga baharini. Ugumu uko hapa: joto kwa tabia yake huenda kutoka penye moto kwenda penye ubaridi. Nje kukiwa na nyuzi 40 za Selsiasi na ndani 25, joto linataka kuingia, halitaki kutoka. Ili litoke, gesi inayolibeba lazima ifike nje ikiwa na moto kuliko hewa ya nje.

Kompresa ndiyo inayoipa gesi moto huo. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto mkononi, kwa sababu hewa ikibanwa hupanda joto. Gesi inatoka kwenye koili ya ndani ikiwa na ubaridi na shinikizo dogo. Katika mitambo yenye gesi ya R-410A, shinikizo hilo ni takriban psi 130. Kompresa inaibana hadi kama psi 400 siku ya joto kali. Sasa gesi inaingia koili ya nje ikiwa na moto kuliko mchana wa Texas. Feni inapuliza, joto linatoka, na gesi inageuka kimiminika. Kisha inapita kwenye tundu jembamba, shinikizo linashuka ghafla, inapoa, na kurudi ndani kuchukua mzigo mwingine.

Konokono wawili

Kompresa za zamani zilifanya kazi kwa pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda, kama injini ya gari. Zilibana vizuri, lakini zilikuwa na vali za kufunga na kufungua, mtikisiko mwingi, na kila mara gesi kidogo ilibaki juu ya pistoni na kutanuka tena bila faida.

Kompresa ya skroli haina pistoni. Ndani ya kopo lake jeusi, lililounganishwa kwa kuchomelewa kotekote, mna vipande viwili vya chuma. Kila kimoja ni sahani yenye ukuta uliosimama na kujiviringisha kama ganda la konokono. Kimoja kimegeuzwa kikatazama kingine, kuta zikaingiliana. Cha juu hakisogei. Cha chini kinaendeshwa na mota.

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo twende polepole. Kipande cha chini hakijizungushi kama gurudumu. Kinazunguka bila kugeuka. Mfikirie mama anayechekecha unga. Chekeche linakwenda duara hewani, lakini mikono yake haiachi mahali ilipoishika: upande uliokuwa kulia unabaki kulia. Ndivyo skroli ya chini inavyokwenda. Inazuiwa isigeuke na pete yenye meno manne, inayoitwa kwa jina la John Oldham, mhandisi wa Ireland wa mwanzoni mwa karne ya 19.

Kuta mbili zinapogusana mahali kadhaa, baina yake vinapatikana vifuko vyenye umbo la mwezi mchanga. Gesi inaingia kutoka ukingoni. Chekeche likizunguka, mdomo wa kifuko unafungwa na gesi inanaswa. Mzunguko unaofuata unakisukuma kifuko kuelekea katikati, na kadiri kinavyosogea ndivyo kinavyozidi kuwa kidogo. Baada ya mizunguko miwili au mitatu, gesi imefika katikati imebanwa kabisa, na inatokea kwenye tundu lililoko pale. Wakati huohuo vifuko vingine viko njiani nyuma yake na vingine vinafungwa ukingoni. Kuingia, kubanwa na kutoka vinafanyika kwa pamoja. Ndiyo maana mlio wake ni mwororo, na mtikisiko ni mdogo kuliko wa pistoni.

Kwenye umeme wa Texas, wenye hezi 60, mota ya kawaida huzunguka karibu mara 3,500 kwa dakika. Kabla hujamaliza kusema "shikamoo", kompresa imekwisha kubana makumi ya vifuko.

Wazo lililosubiri

Skroli si uvumbuzi wa juzi. Mfaransa Léon Creux alipata hataza yake Marekani mwaka 1905. Lakini kuta za konokono hao zinapaswa kukaribiana kwa vipimo vya elfu za milimita. Zikiachana kidogo, gesi inavuja. Zikibanana mno, zinasagana. Mashine za kuchonga chuma za wakati wa Creux hazikuweza kazi hiyo. Wazo likakaa kabatini hadi mashine zinazoongozwa na kompyuta zilipokuja. Kampuni ya Hitachi ya Japani ilianza kuuza skroli kwa viyoyozi miaka ya mwanzo ya 1980, na Copeland ya Sidney, Ohio, ikaleta yake mwaka 1987. Leo skroli zimejaa kwenye viyoyozi vikubwa vya nyumba nzima mitaani kwetu. Vile vidogo vya ukutani vya Dar es Salaam na Mombasa kwa kawaida vina kompresa ya namna nyingine, ya rotari.

Ya kumweleza mzee, na ya kumuuliza fundi

Kopo la kompresa halifunguliwi nyumbani. Konokono wakisagika au waya za mota zikiungua ndani, kinachofanyika ni kubadilisha kompresa nzima. Kwa hiyo kabla ya kukubali neno "imekufa", kuna maswali ambayo mkalimani mwema anaweza kuyauliza kwa adabu.

Swali la kwanza: kapasita imepimwa? Hiki ni kikopo kidogo kinachoisaidia mota kuanza na kukimbia. Joto la Texas hukichosha haraka. Kikiharibika, kompresa huguna isianze, na mtu wa nyumbani akadhani mambo yamekwisha. Bei yake haikaribii ya kompresa. Msikiguse wenyewe, maana hutunza umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Swali la pili: kompresa imepozwa kabla ya kupimwa? Ndani mna kinga inayokata umeme joto likizidi. Kopo likiwa la moto sana, kinga hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kurudi. Kabla ya hapo vipimo vinaweza kuonyesha kana kwamba waya zimekatika.

Swali la tatu: kama gesi imepungua, imevuja wapi? Wazee wengi wanaamini gesi huisha kama mafuta ya gari, na kwamba kuiongeza kila mwaka ni jambo la kawaida. Sivyo. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, pana tundu. Na gesi baridi inayorudi ndiyo inayoipoza mota ya skroli. Ikiwa haba, mota inafanya kazi ndani ya joto, na kompresa inakufa kwa kosa la bomba.

Swali la nne ni letu wenyewe: chujio la hewa limebadilishwa lini? Chujio likiziba, hewa haipiti vizuri kwenye koili ya ndani, koili inaganda barafu, na kimiminika ambacho kilipaswa kuwa gesi kinarudi hadi kwenye kompresa. Skroli huvumilia kimiminika kuliko pistoni, kwa sababu konokono wanaweza kuachana kidogo kukipisha. Lakini kikirudi mara kwa mara kinaosha mafuta, na chuma kinabaki kikavu. Chujio la dola chache linaweza kuilinda mali ya maelfu.

Wenzetu wa Houston na sisi wa kaskazini tunashirikiana radi na umeme wa kukatika na kurudi. Mtambo unapozimika, gesi iliyobanwa hutaka kurudi ilikotoka, ikawasukuma konokono kinyumenyume kwa sekunde moja mbili. Mkoromo unaousikia wakati huo ni wa kawaida. Lakini umeme ukirudi papo hapo, kompresa inaweza kuanza kwa kinyume, ikapiga kelele bila kupoza chochote mpaka kinga yake ikate. Thamostati nyingi zina subira ya dakika chache kwa sababu hii. Kama yenu haina, zimeni kiyoyozi, msubiri dakika 5, ndipo muwashe.

Na fundi mwenyewe? Hapa Texas mkandarasi wa viyoyozi anapewa leseni na idara ya jimbo iitwayo TDLR, na namba ya leseni inatakiwa ionekane kwenye gari lake na kwenye ankara. Kumwomba mtu namba hiyo si kumvunjia heshima.

Kutoka Kigali hadi barazani

Mmesikia habari za gesi mpya. Chanzo chake kimoja kiko kwetu. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za jamii ya HFC, zinazopasha joto angahewa kupita kiasi. Marekani iliridhia mkataba huo mwaka 2022. R-410A, iliyo katika viyoyozi vingi vya wazazi wetu, ikivuja kilo moja ina nguvu ya kupasha joto mara 2,088 ya kilo moja ya kaboni dioksidi katika miaka 100. Tangu tarehe 1 Januari 2025 viyoyozi vipya vya nyumba vinatengenezwa kwa gesi kama R-454B na R-32. Kiyoyozi cha zamani hakijapigwa marufuku. Kinaweza kuendelea na kutengenezwa. Akija mtu kusema kwamba serikali inawalazimisha kung'oa kizima kilicho hai, mwambieni bibi asitie sahihi siku hiyo.

Onyo la mwisho ni kwa wajomba wanaojaza kontena kwenda nyumbani. Umeme wa Kenya na Tanzania una hezi 50. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 pekee itazunguka huko karibu mara 2,900 kwa dakika. Inabana gesi pungufu na inaweza kupata joto kupita kiasi. Soma kibandiko kabla ya kulipia nauli ya bahari.

Limebaki deni la lugha, nasi tunawaachia walimu. Jiografia ya shule za nyumbani inatenganisha dunia *kujizungusha* kwenye mhimili wake na dunia *kulizunguka* jua. Skroli inazunguka bila kujizungusha. Mmoja wetu anapendekeza tuseme "inachekecha". Mwingine anasema neno hilo ni la unga, tuliachie unga. Leteni hoja zenu kikaoni, na mwenye bibi aliyezaliwa pwani amuulize kwanza.