Moto chini ya injini

Juma hili, alfajiri ya kipupwe pale Mikumi, nimeona Land Cruiser ya zamani ikiwashiwa moto wa matambara chini ya sampu, dereva amechutama anaupepea kwa boksi. Gari lilikuwa na abiria wa Kilosa, akiwemo mama mwenye mtoto mgongoni. Nilitetemeka, na si kwa baridi. Dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na injini ikiamka baridi, plagi zile nyembamba ambazo mafundi wanaziita hita ndizo huongeza joto hilo. Dizeli hupashwa moto kwa ndani, haipashwi kwa nje. Wazungu wa nchi za theluji huchomeka injini kwenye umeme usiku kucha. Baridi yetu ya Juni na Julai haijafika huko, hita nzima zinatosha. Kuzichagua ndiko kwenye kazi. Soma volti zilizochorwa kwenye hita yenyewe: ya 12 ukiifunga kwenye gari la 24 inaungua, na ncha yake inaweza kukatika ikadondokea ndani ya silinda. Mwambie fundi azifungue, aziguseshe moja moja kwenye umeme wa betri wenye volti zake; nzima huiva nyekundu nchani, mbovu hubaki nyeusi. Badilisha zote pamoja, na relei inayozipa umeme ikague pia. Mwenye gari anayebana pesa ya hita huku akiwasha moto karibu na mpira wa mafuta, abiria wakiwa ndani, anacheza na roho za watu, na trafiki amzuie palepale stendi.