Asiyefanya mtihani hajapata sifuri!

Wadau, nimepotea kidogo. Niko Karatu kwenye mazoezi ya kufundisha, na leo nina hasira kwa hiyo mnivumilie.

Juzi nilikuwa naenda Endulen kumsalimia mshkaji wangu. Pale lango la Lodoare nikaamua kununua bando kwa programu ya simu ya kampuni moja (jina kapuni). Nikabonyeza LIPA, gari ikaondoka, tukaanza kukwea ule msitu, mtandao ukakata. Programu ikaandika: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena." Kufika juu ukingoni mtandao ukarudi, nami kwa utii wangu nikajaribu tena. Basi bwana, meseji mbili zikaingia kwa mpigo: elfu kumi, elfu kumi! Kumbe ya kwanza ilishapita zamani.

Nikamlalamikia jamaa yangu anayesoma kompyuta, eti "tatizo mtandao wa huko porini". Nakataa! Mtandao kukatika huku kila mtu anajua, mpaka twiga. Tatizo ni nyie mnaoandika programu kana kwamba kila mtu yuko Posta, Dar.

Kwenye matokeo ya NECTA kuna mwenye F na kuna mwenye ABS. Huyu wa pili hakufanya mtihani, mwalimu gani atamwandikia sifuri? Programu nayo ikiuliza seva, kuna mambo matatu: seva imesema ndiyo, imesema hapana, au haijasikika. Hilo la tatu mnalitupa kapu moja na hapana. Muda wa kusubiri umeisha tu... ombi huenda lilishafika na hela imekatwa, ila jibu limepotelea njiani. Halafu unaniambia "yameshindikana". Umejuaje?

Wengine ndio kinyume: wakiona HTTP 200 tu, "Hongera!", hata JSON iliyomo ndani hawajaisoma. 200 ni bahasha kufika salama jamani, barua yenyewe inaweza kusema hapana.

Na dawa ipo. Simu itengeneze namba ya ombi kabla ya kutuma, na ikirudia itume namba ile ile. Seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu la kwanza, isikate tena. Kwenye skrini andikeni: "Hatujapata jibu, tunaulizia." Maneno matatu yanawashinda?

Elfu kumi yangu bado naidai. Mwenye rafiki anayeandika programu amsomeshe hii kabla sijapanda tena gari la Endulen.