Somo Linalouzwa Mara Mbili



Katika baadhi ya shule zetu, kengele ya kwenda nyumbani ikilia, watoto wa darasa moja hugawanyika. Waliolipa hubaki na mwalimu yuleyule, mbele ya ubao uleule, wakamaliziwa hesabu ya sehemu iliyoachwa njiani asubuhi. Wasiolipa hurudi kwao na nusu ya somo. Desturi hii huitwa masomo ya ziada. Sisi hatuoni ziada yoyote ndani yake: ni somo la asubuhi lililokatwa, na kipande chake kikauzwa alasiri.

Hatumlaumu mzazi anayemtafutia mtoto aliyeugua, au aliye mzito wa kuelewa, mtu wa kumsaidia nyumbani. Tunamsema mwalimu anayefungua duka ndani ya darasa lake mwenyewe, na wateja wake ndio atakaowasahihishia mtihani. Mzazi gani atathubutu kukataa? Wala si bahati kwamba kinachouzwa zaidi ni hisabati. Somo hilo hujengwa tofali juu ya tofali. Aliyekosa kugawanya katika darasa la nne hataelewa sehemu katika darasa la sita, na muuzaji anajua kwamba mteja wake atarudi.

Hapa Manguredjipa hisabati si pambo. Watu wetu wanaishi kwa dhahabu na kakao. Mchimbaji akitoka shimoni hupeleka kwa mnunuzi gramu na vipande vya gramu. Mzani ni wa mnunuzi, na hesabu pia ni ya mnunuzi. Asiyejua kuipiga mwenyewe hupokea anachopewa na kushukuru. Mtoto wa mtu huyo ndiye asiyebaki alasiri. Mara nyingi ndiye pia aliyekimbia mwaka 2024, ADF waliposhambulia vijiji vya sekta ya Bapere, akapoteza masomo ya miezi. Tukimwambia alipe ili awafikie wenzake, tunamtoza kwa msiba wake.

Tunajibiwa: mwalimu naye ana njaa. Ni kweli, na tusiipite kweli hiyo mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi pamoja na Kanisa walikubali kuchanga ile tunayoiita prime, ili shule zisife. Msaada wa dharura ukawa desturi ya robo karne. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Tamko hilo lilingoja hadi Septemba 2019 ndipo lianze kutekelezwa, na hata hapo walimu wengi walijikuta hawamo katika orodha ya mishahara. Septemba 2024 walimu wa shule za kikatoliki waligoma kudai mshahara unaomfaa mtu. Walikuwa na haki, nasi tunalisema bila kigugumizi. Lakini mgomo humdai mwenye deni, hadharani. Masomo ya alasiri humdai mtoto wa miaka kumi deni la Serikali, tena kimyakimya.

Na sisi je? Wengi wetu tumelipa. Tumelipa kwa furaha, kwa kuwa mtoto wetu alimpita wa jirani, kisha Jumapili tukapeana amani na jirani huyohuyo. Mwalimu asingeuza kama tusingenunua.

Mtu asituambie kwamba haya ni mapatano ya watu wawili yasiyotuhusu. Shule za kikatoliki ni shule za umma, ambazo Kanisa linazisimamia kwa mkataba wa mwaka 1977. Kwa hiyo tunadai kamati za wazazi ziandike, na wakuu wa shule watie sahihi, kwamba mwalimu hatawafundisha kwa malipo wanafunzi wa darasa lake. Tukishadai hivyo, tusikae. Miongoni mwetu wamo wauguzi, mafundi, wauza duka na vijana waliomaliza sekondari: watu wanaopiga hesabu kila siku bila kuitwa walimu. Kila mmoja atoe saa moja kwa juma, bila malipo, kwa mtoto yeyote atakayekuja, awe wa parokia au siyo.

Ukumbi wa parokia hukaa mtupu Jumamosi alasiri. Ubao upo; una ufa upande mmoja, lakini unaandikika.