Kilo za mchezaji si mali ya mashabiki

Mwaka jana nilisimama pembeni mwa uwanja wa shule moja ya Butembo, nikitazama mechi ya voleyi ya wasichana. Shule siitaji, na binti ninayemzungumzia simtaji. Alikuwa na miaka kama 15, mrefu, mwenye mwili mkubwa. Kila alipokimbia kuelekea wavu ili aruke na kupiga mpira, vijana waliokuwa nyuma yangu walipaza sauti: "Fuso ya Kasindi inapanda mulima!" Mwingine akaongeza: "Weye, punguza bugali!" Watu walicheka. Nami nilicheka.

Jioni ile ile video ya mechi ilikuwa imefika katika vikundi vya WhatsApp, hapa Butembo mpaka Beni. Walioandika maneno chini yake hawakuwa wanafunzi peke yao. Walikuwamo watu wazima, baba na mama wenye watoto wa umri ule. Wiki tatu baadaye nilimuuliza kocha wake habari zake. Akanijibu: "Papa, alisema goti linamuuma. Hajarudi tena." Mpaka shule zinafungwa, goti hilo lilikuwa halijapona.

Ninaandika leo kwa sababu michezo ya shule inaendelea kutoka Kimemi mpaka Mulekera, na telefone zimekuwa nyingi kuliko mipira. Ninachotaka kusema ni kimoja: uzito wa mchezaji ni jambo la kocha wake, muuguzi wake na yeye mwenyewe. Shabiki akiutangaza hadharani, hamsaidii kuruka hata sentimita moja. Anamfukuza tu uwanjani.

Najua jibu litakalokuja: "Michezo ni mwili. Mtu mzito haruki. Tumwambie ukweli." Basi tuanze na huo ukweli, maana wengi wetu tunaushika nusu.

Kuruka ni nguvu ya miguu ikilinganishwa na uzito inaoubeba. Kwa hiyo uzito una kazi yake, hakuna anayekataa. Lakini msuli nao ni uzito. Binti mwenye kilo 70 na mapaja yenye nguvu anaweza kumpita mwenzake wa kilo 50 ambaye miguu yake haijafanya mazoezi. Na akishafika juu, dunia haimwulizi kilo zake: mtu aliyeinuka sentimita 40 hukaa hewani kidogo zaidi ya nusu sekunde, awe mwembamba au mnene. Wavu rasmi wa wanawake una mita 2.24. Unapitwa kwa urefu, kwa nguvu ya miguu na kwa kujua saa ya kuruka. Anayejinyima chakula ili apungue haraka hupoteza mafuta pamoja na msuli, yaani hupoteza kile kile kinachomrusha.

Kuna mchezo mmoja ambao umeshalipa bei ya kosa hili mbele ya macho ya dunia nzima. Sisi tunaoishi upande huu tunaijua barafu ya Ruwenzori, ile inayoonekana asubuhi mbingu zikiwa safi, lakini hatuchezi juu yake. Huko Urusi, Japani na Marekani, wasichana huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakateleza juu ya barafu, wakaruka na kujizungusha hewani mara tatu au nne kabla ya kushuka, kwa muda usiofika sekunde moja. Katika mzunguko wa namna hiyo, mwili mdogo na mwembamba huzunguka kwa haraka zaidi. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wasichana wa miaka 15 walikuwa wanawashinda wanawake. Kisha mwili unakua, kama Mungu alivyouumba ukue, na miruko inakuwa migumu. Hapo ndipo watu walianza kuwahesabia kilo.

Yulia Lipnitskaya wa Urusi alikuwa na miaka 15 alipopata medali ya dhahabu pamoja na timu ya nchi yake katika Olimpiki ya Sochi, mwaka 2014. Dunia ilimshangilia, kisha ikaanza kuutazama mwili wake ulivyobadilika. Mwaka 2017, akiwa na miaka 19 tu, aliacha mchezo baada ya kutibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Si yeye peke yake aliyeondoka mapema. Mwezi wa sita 2022, shirikisho la kimataifa la mchezo huo liliamua kupandisha umri wa chini wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua. Walikubali kwamba mtoto hawezi kuachiwa mzigo huo.

Utasema hao ni wa mbali. Tuje basi kwa mtu ambaye vijana wa Butembo wanavaa jina lake mgongoni. Romelu Lukaku alizaliwa Ubelgiji, lakini baba yake, Roger, alikuwa mchezaji wa Zaire. Alipokuwa Manchester United, magazeti na mashabiki walimwita mnene. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa ameongeza msuli, kwamba ulimfanya mzito kwa mwendo wa mpira wa Uingereza, na kwamba alipaswa kuupunguza. Mwezi wa nane 2019, alipohamia Inter ya Milano, Gary Neville, mchezaji wa zamani wa Manchester United, aliandika mbele ya watu wote kwamba Lukaku alipita kilo 100 na kwamba alikosa nidhamu ya kazi yake.

Kule Milano watu walifanya kazi ya aina nyingine. Walimpima, wakabadilisha chakula chake, na yeye mwenyewe alisimulia kwamba waliona tumbo lake halisagi chakula vizuri. Mwili ukarudi kuwa mwepesi. Msimu wa 2020-2021 alifunga mabao 24 katika ligi ya Italia, Inter ikachukua ubingwa ambao haikuwa imeupata tangu 2010, naye akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Uzito ulikuwa jambo la kweli, sikatai. Lakini aliyelitengeneza ni mtu wa chakula na kocha, kazini, kwa vipimo. Na Lukaku alikuwa mtu mzima, tajiri, mwenye daktari wake. Binti wa miaka 15 wa Vulamba ana nini mkononi? Ana kaptula ya kuazima, na kicheko chetu.

Kuna pia michezo ambayo kilo ni sheria yake. Marcelat Sakobi, bondia wetu, alipigana Olimpiki ya Paris 2024 katika kundi la kilo 57. Ni yeye ambaye baada ya kushindwa alifunika mdomo kwa mkono na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, ishara ile ile ambayo Léopards walikuwa wameionyesha Abidjan mwezi wa pili wa mwaka huo, ili dunia ione mauaji ya watu wa Mashariki. Bondia hupanda mizani, namba husomwa, akaenda ulingoni. Kilo kwake ni namba ya kazi. Tofauti kati ya namba ya kazi na tusi, kila mtu mwenye masikio anaijua.

Nirudi kwetu, maana hapa jambo lina sura yake. Katika nyumba zetu za Butembo na Beni, mwanamke akinenepa tunamsifu: "Maisha imekubali, mume anamchunga." Akikonda, maneno huanza: ana ugonjwa, nyumbani kuna shida. Binti huyo huyo akivaa kaptula na kuingia uwanjani, tunageuza ulimi: mwili tuliousifu jikoni tunauchekelea kwenye wavu. Afanye nini? Akila, uwanja unamcheka. Asipokula, mtaa unamsema.

Na kula kwenyewe kumekuwa shida. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji yamewaondoa watu wengi wa eneo la Beni katika mashamba yao. Familia ambazo zilikuwa na makemba, maharagi na kakao leo zinapanga chumba mjini, na mtoto anaenda mazoezini akiwa amekula mara moja kwa siku. Mwili mkubwa si ushahidi wa chakula kingi. Mtu anaweza kujaza tumbo kwa bugali ya muhogo kila siku na bado akakosa maharagi, mayai na ndakala, vyakula vinavyojenga msuli. Kumwambia mtoto huyo "punguza chakula" ni kumwongezea njaa na kuiita mazoezi.

Waganga wa michezo wanaijua hatari hiyo. Mwaka 2014, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina hali ya mwanamichezo anayetumia nguvu nyingi kuliko anazopata katika chakula. Dalili zake mama yeyote anaweza kuziona: uchovu usioisha, kuumia mara kwa mara, mifupa kupata nyufa, na kwa msichana, kukosa damu ya mwezi. Hebu fikirini dalili hiyo ya mwisho katika mitaa yetu. Binti amejinyima chakula kwa sababu ya maneno ya watu, mwezi unapita bila damu, na watu wale wale wataanza kusema ana mimba. Tutakuwa tumemhukumu mara mbili kwa kosa letu wenyewe.

Sisi wa hapa hatuna haja ya kufundishwa kwamba neno lina miguu. Kuanzia mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 katika eneo hili na Ituri. Tuliona uvumi ukikimbia kuliko gari la wagonjwa. Kuna watu waliokataa matibabu kwa sababu ya jambo walilosikia kwa jirani. Kicheko cha uwanjani hakilingani na msiba ule, na sitaki kuvifananisha. Lakini tulitoka katika msiba ule tukisema tumejifunza kufikiri kabla ya kusambaza. Telefone ni zile zile, na vidole ni vile vile.

Basi tufanye nini? Mambo yafuatayo hayahitaji fedha.

Kocha apime mruko, aache kupima tumbo kwa macho. Mchezaji asimame karibu na ukuta, anyooshe mkono, aweke alama ya chaki. Aruke, aweke alama ya pili. Sentimita zilizo kati ya alama mbili ziandikwe katika daftari, na kila mwezi zipimwe tena. Binti atajua anapanda au anashuka, na atashindana na alama yake mwenyewe. Mazoezi ya miguu Butembo tunayo bure: mji mzima ni milima.

Kama uzito unapaswa kuzungumziwa, uzungumziwe na muuguzi au kocha, pembeni, mzazi akijua, na mazungumzo yaanzie kwenye swali: "Unakula nini, na mara ngapi kwa siku?" Namba ya mizani isisomwe mbele ya ekipe.

Prefe wa shule anayealika watu uwanjani ana haki ya kuweka sheria: anayetukana mwili wa mwanafunzi anatoka. Mwamuzi naye asimamishe mechi mpaka kelele hizo ziishe. Wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp wanafuta matangazo ya biashara kila siku, basi wafute na video hizo. Na sisi tunaotangaza mechi redioni na kuandika habari, tuache vile vichekesho kuhusu "mwili mkubwa" tunavyoviita chumvi ya matangazo.

Shabiki je, anyamaze? Hapana. Uwanja bila kelele ni msiba. Mwambie mchezaji kitu anachoweza kurekebisha kabla ya mpira unaofuata: "Ruka mapema!" "Kunja magoti!" "Angalia mkono wa kushoto!" Hata hasira yako itafaa, kwa sababu inahusu mchezo. Mwili wake hawezi kuubadilisha kati ya pointi ya 12 na ya 13.

Wengine wataniambia kwamba watu wetu wanakufa Beni na Lubero, na mimi naandika juu ya vicheko vya voleyi. Nimelifikiria hilo. Mtoto aliyekimbia kijiji chake na kufika mjini bila ndugu hupata mahali pachache ambapo mtu anamwita kwa jina lake kila Jumatano na kila Jumamosi. Ekipe ni mojawapo. Pale ana kocha anayegundua kwamba hakuja, na wenzake wanaopita kumchukua. Tukimtoa pale kwa maneno, anabaki na nini mchana kutwa?

Juma lililopita nilimwona yule binti sokoni, akimsaidia mama yake kuuza sombe. Sikumwambia kwamba nilikuwa pale siku ile, wala kwamba nilicheka. Nilimuuliza tu kama goti limepona. Akaangalia chini, akasema: "Bado kidogo, papa." Kocha wake ameniambia nafasi yake katika ekipe bado ipo. Akirudi, nitakuwa pembeni mwa uwanja, na vijana wa nyuma yangu wakianza tena, safari hii nitageuka na kuwaambia wanyamaze.