KUKU WA JUMAPILI SIKU HIZI ANALIWA WAPI?

 

Neno la leo ni chungu kidogo. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika "Amen" hapo chini, maana huenda ukifika mwisho hutataka tena kuiandika.

Jumapili iliyopita, mwendo wa saa tisa alasiri, nilitoka kanisani kwa boda nikaone mgonjwa upande wa Luanda. Pale stejini Maseno nikawaona washirika wangu wenyewe, wamevaa nguo za ibada, Biblia kwapani, wamepanga foleni ya chipsi. Mama mmoja alikuwa amebeba pakiti nne. Nikamtania, "Mama, leo una wageni?" Akacheka, akasema, "Hapana, Mchungaji, ni hawa watoto wangu. Kila mmoja na pakiti yake, hawagombani."

Maneno hayo yamenikaa kifuani wiki nzima. Kila mmoja na yake, hawagombani. Kweli hawagombani. Mmoja anakula kitandani akitazama simu, mwingine anakula kwa jirani kwenye televisheni, wa tatu amemaliza njiani kabla ya kufika nyumbani, na baba yuko sentani anangoja mpira wa Uingereza uanze. Hawagombani kwa sababu hawaonani.

Wapendwa, nitasema bila kuzunguka. Familia ambayo haiketi kula pamoja hata mara moja kwa wiki, hao ni wapangaji wanaotumia choo kimoja. Mnaweza kuwa na picha nzuri ya harusi ukutani na kibandiko cha "Kristo ndiye kichwa cha nyumba hii" mlangoni. Namwuliza huyo kichwa cha nyumba: nyumba yenyewe hukutana saa ngapi?

Mimi nimezaliwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na wengi wa rika langu mtanishuhudia. Jumamosi jioni tulikuwa tunatumwa kumkimbiza jogoo nyuma ya ghala. Maji ya moto, manyoya, harufu ile ya kumbabua kwenye moto wa kuni. Jumapili tukitoka kanisani, kuon inapinduliwa, bakuli la maji linazunguka tunanawa mikono, na kila mtu anajua kipande chake. Firigisi ni ya baba, haiguswi. Miguu na kichwa ni vya watoto. Baba akishaomba, aliuliza swali moja tu: "Leo Mchungaji amefundisha nini?" Kama ulikuwa umesinzia kanisani, siku hiyo ulijulikana.

Na tusidanganyane kwamba kuku alikuwepo kila Jumapili. Kulikuwa na Jumapili za omena, Jumapili za osuga, na Jumapili za apoth na kuon peke yake. Swali la baba halikubadilika. Ndiyo maana leo sipiganii kuku. Napigania lile swali, na ile saa ambayo lilikuwa linaulizwa.

Najua kuna ndugu tayari ameanza kuandika: "Mchungaji, hayo mambo ya meza ya Jumapili ni ya wazungu, wazee wetu hawakula hivyo." Ndugu yangu, umesema kweli nusu. Hebu tuitazame yote.

Wazee wetu wa Kijaluo hawakula meza moja. Wanaume na vijana walikula kwenye duol, mama na watoto wadogo wakala jikoni. Tena mama zetu upande huu, Wajaluo kwa Wanyore, walipika kuku ambaye mila iliwakataza kumwonja. Mwanamke alishika jogoo, akanyonyoa, akapika, kisha akala mboga. Mila hiyo siitetei hata kidogo, na sitaki kuona mtu anairudisha kwa jina la utamaduni.

Lakini kwenye duol kijana alikuwa anakula na kufundishwa. Pale alisikia kesi za ardhi, akajua ukoo wake, akakemewa na wazee. Na wasichana waliokwenda kulala kwa bibi kwenye siwindhe, walipewa hadithi na mafundisho mpaka usingizi. Hakuna mtoto aliyelelewa na ukuta.

Kisha injili ikafika. Mwaka 1906 wamisionari wa CMS walianzisha shule hapa Maseno, na wale waliosoma wakaitwa josomo. Taratibu, katika nyumba za Wakristo, baba aliingia ndani akaketi na mke wake na watoto wake, na mama naye akapewa kipande cha kuku. Waingereza kwao wana nyama yao ya kuoka, inayoliwa Jumapili familia ikitoka kanisani. Sisi tulikuwa na kuku wetu na kuon yetu. Lakini kilichofanya meza ile kuwa takatifu hakikutoka Uingereza. Soma Matendo 2:46. Waamini wa kwanza walimega mkate nyumba kwa nyumba, wakala kwa furaha na moyo mweupe. Soma Zaburi 128:3, uone baraka ya mtu amchaye Bwana inaonekana wapi. Inaonekana kwa watoto walioizunguka meza yake.

Basi tazama tulichofanya. Duol tuliiacha. Siwindhe tuliiacha. Tukasema tuna kitu bora, tuna meza ya familia ya Kikristo. Na sasa meza nayo tunaiacha, na safari hii hatuna kitu cha kuweka mahali pake isipokuwa simu. Huo ndio uchungu wangu.

Niwape kisa. Mwenyewe ameniruhusu nikieleze bila jina. Mzee mmoja alikuja kwangu akilia. Kijana wake yuko chuo, na mzee ameuza ng'ombe wawili kwa karo. Amekuja kugundua kijana hajafanya mtihani kwa mihula miwili, pesa zote zimeishia kwenye kamari ya simu. Na kijana huyo analala hapo hapo bomani, hakai hosteli! Mzee akaniuliza, "Mchungaji, nilikosea wapi?" Nikamwuliza, "Mara ya mwisho mlikula pamoja ninyi wote ilikuwa lini?" Akanyamaza. Akahesabu vidole. Akasema, "Kwenye mazishi ya mama yangu."

Sisemi ukila ugali na mtoto hatacheza kamari. Mungu si mashine ya kuingiza sarafu. Nasema mtoto anayeketi mbele yako kila Jumapili, utamwona anapoanza kupungua. Utaona hatazami machoni. Utaona anakula haraka ili aondoke. Utajua mapema, na kujua mapema ni rehema.

Tazama Bwana wetu mwenyewe kwenye Yohana 21. Sisi watu wa ziwa tunaielewa sura hii kuliko wengi. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kitu, na alfajiri wanamkuta Yesu ufuoni. Amewasha makaa, ameweka samaki juu yake, na mkate upo. Anawaita waje wale. Petro yuko pale, yule aliyemkana, naye alimkana akiota moto wa makaa, Yohana 18:18. Bwana angeweza kumkemea mbele ya wenzake. Hakufanya hivyo. Alimlisha kwanza. Walipokwisha kula, ndipo akamwuliza mara tatu kama anampenda.

Wazazi, mshike utaratibu huo. Sisi tunauliza maswali makali kwa simu, tena kwa ujumbe: "Umeenda wapi? Pesa iko wapi?" Halafu tunashangaa mtoto hajibu. Swali gumu linahitaji mtu aliyeshiba, na makaa ambayo bado yana joto.

Sasa nijibu wale walio na hoja.

"Mchungaji, maisha yamepanda." Najua. Kuku wa kienyeji sokoni anaitisha pesa ya maana. Lakini piga hesabu ya zile pakiti nne za chipsi na soda zake, halafu uniambie zingenunua omena kiasi gani, na sukumawiki, na unga. Umaskini ni mzigo, sitaufanyia mzaha. Lakini wengi wetu hatukuacha kula pamoja kwa sababu ya kukosa. Tuliacha tulipopata kidogo.

"Mchungaji, mimi ndiye nitakayepika. Nimeamka saa kumi na moja, nimeosha watoto, nimeimba kwaya, sasa unaniongezea jiko?" Mama, hoja yako ina uzito kuliko zote, na sitaki kukutwisha mzigo halafu niuite kiroho. Kwa hiyo nageukia wanaume. Bwana aliyefufuka, mwenye mikono yenye alama za misumari, aliwasha makaa akachoma samaki. Wewe ni nani ushindwe kusonga ugali? Nani alikuambia jiko litakushushia heshima? Chambua mboga. Chota maji. Osha sufuria. Kama meza ya Jumapili inamwacha mama amechoka na sisi tumeshiba, basi tumerudi kule kwa kuku asiyeruhusiwa kuonjwa.

"Mchungaji, mimi ni mjane," au "mimi nalea peke yangu." Ninyi ni familia kamili mbele za Mungu. Wawili wakiketi kwa jina lake, yeye ni wa tatu. Tena fungua mlango. Hapa Maseno tumejaa wanafunzi wa chuo kikuu wanaokula mkate na chai peke yao chumbani Jumapili nzima. Mwite mmoja.

Sasa nifike penye uchungu wenyewe.

Kuna mtu mwingine anayeiba chakula cha Jumapili kuliko chipsi, kuliko simu, kuliko mpira wa Uingereza. Ni mimi.

Ibada yetu inaanza saa tatu, na mara nyingi inaisha saa nane kasoro. Baada ya hapo ninatangaza kikao cha wazee. Akina mama wabaki kidogo. Vijana wabaki. Kwaya ina mazoezi. Kamati ya ujenzi tukutane chini ya mwembe. Mpaka mnatoka ni saa kumi, watoto wana njaa tangu saa sita, na yule mama aliyesimama kwenye foleni ya chipsi alikuwa ametoka kwenye kikao nilichokiitisha mimi. Nilimhukumu moyoni kwa kosa langu mwenyewe.

Tena wachungaji, tuseme ukweli. Watu hutania kwamba kuku wakiona mchungaji wanakimbia. Tunacheka, lakini mwezi uliopita binti yangu aliandika insha ya shule kuhusu Jumapili nyumbani kwao. Nikaisoma nikitarajia fahari. Ameandika: "Jumapili baba hula kwa watu. Sisi hula jioni tukiwa na usingizi." Hakuandika kwa hasira. Aliandika kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nimehubiri ndoa na malezi miaka mingi, na sijawahi kupokea mahubiri kama hayo.

Nimetubu kwake. Sasa natubu kwenu, na toba ionekane kwa matendo.

Kuanzia Jumapili hii, ibada itafungwa saa sita na nusu. Nikizidisha, mzee wa zamu ana ruhusa kusimama, nami sitakasirika.

Hakuna kikao, kamati wala mazoezi baada ya ibada ya Jumapili. Vyote vinahamia Jumamosi, au Jumatano jioni.

Na mimi, Jumapili sitakula nyumbani kwa mshirika bila mke wangu na watoto wangu. Ukitualika, utualike wote, hata kama ni kwa omena. La sivyo mnitafute nyumbani kwangu. Nitakuwa nasonga ugali, na mke wangu atawaambia kama uliiva.

Kwenu naomba Jumapili nne tu. Chakula kimoja, wote waliopo. Simu ziwekwe kwenye kikapu, ya baba ikiwa ya kwanza. Ombeni. Halafu uliza swali moja, kisha unyamaze usikie jibu. Jumapili ya kwanza itakuwa na aibu kidogo, mtatazamana kama wageni. Vumilieni. Hata wale wanafunzi kule ufuoni walikula bila mtu kuthubutu kumwuliza yeye ni nani.

Baba wa mbinguni, turudishie meza zetu. Warejeze baba walio sentani na mama walio kwenye vikao vyetu. Mponye yule kijana wa kamari, na umpe baba yake ujasiri wa kumlisha kabla ya kumwuliza. Nisamehe mimi mtumishi wako. Kwa jina la Yesu.

Usiandike "Amen". Nenda umuulize mama watoto Jumapili mtapika nini, halafu umwambie wewe ndiye utakayechota maji.

Mchungaji wenu, Maseno.